Soksi Mbili Zisizolingana

Mama aliuliza: huko ni mbali kiasi gani?
Nikasema kilomita elfu tisa mia sita na ushei,
toka uwanja wa Santiago hadi uwanja wa Auckland,
maji matupu, hamna hata jabali la kutia mguu.
Akaendelea kuchambua sufu.
Kilomita anazozijua yeye ni sita,
za kwenda sokoni Temuco na kuku wawili kapuni,
na za kurudi, ambazo ni nyingi zaidi
maana kuna kilima, na kuna unga.

Basi, nikasema, ni saa kumi na tatu.
Hapo akainua macho.
Saa kumi na tatu anazijua: ni soksi moja.

Jumatano, saa tano na nusu usiku, ndege ilipoacha ardhi,
Herminia Curiqueo, mjane, kando ya jiko la kuni,
alitunga kitanzi cha kwanza.
Mimi kiti cha katikati, safu ya thelathini na nne,
kati ya muuza mitambo aliyekoroma
na bibi aliyepakata mkoba kama kichanga.
Kwenye kioo mbele yangu kindege cheupe
kilitambaa juu ya buluu.
Umbali uliobaki. Muda uliobaki.
Nikalala, nikaamka, kipo palepale.
Usiku ulituandama kuelekea magharibi
kama mbwa anayemjua bwana wake;
tukatua saa kumi na nusu alfajiri, bado giza,
na afisa akagonga muhuri: Ijumaa.

Alhamisi iko wapi?

Siku hazigandi, husemwa.
Hakuna aliyeniambia kwamba huyeyuka.

Niliuliza kwa mzaha. Lakini asubuhi ya Alhamisi hiyohiyo,
kule kwetu, binti yangu Ailín
aliachia mguu wa meza
akaenda hatua nne, peke yake, hadi gotini kwa bibi yake,
na bibi, mikono imejaa sindano na uzi,
akamdaka kwa viwiko.
Kila mtu nyumbani ana Alhamisi yake.
Mimi nina giza la dirisha
na kipande cha mkate kwenye nailoni.

Hohepa, tunayekamua naye huku Gore,
ng'ombe mia sita kabla ya jua,
alinituliza: ukirudi, utarudishiwa.
Na kweli. Baada ya vipupwe viwili
niliondoka Auckland Ijumaa saa kumi na mbili jioni,
nikatua Santiago Ijumaa ileile, saa saba mchana.
Mama, nimefika kabla sijaondoka!
Akasema: uongo huo umeuokota wapi?
Akanionyesha soksi ya pili.
Ilikuwa fupi, upungufu wa vidole viwili.
Upepo ulikuwa mgongoni, nikaeleza, saa kumi na moja tu.
Hakuifumua. Hakuongeza hata kitanzi.
"Kila njia na urefu wake," akasema. "Vaa."

Nilikuwa na Ijumaa mbili mkononi.
Nikatafuta pa kubadilisha moja wapo,
kama watu wanavyobadilisha fedha,
nipewe Alhamisi, hata iliyochakaa.
Ailín alinichungulia nyuma ya sketi ya bibi.
Nikapiga magoti: njoo, hatua nne tu.
Lakini yeye hatembei tena hatua nne.
Anakimbia. Alikimbilia kwa kuku.

Sasa niko huku, ndani ya buti za mpira.
Soksi ndefu, ya kwenda, imetulia gotini.
Ile fupi, kila ninapoinama chini ya kiwele,
inateleza hadi kisiginoni,
naivuta, inateleza tena.
Hohepa anacheka: mguu huo unataka nini?

Nauli bado haijatimia. Sijamwambia mama.
Jana kapiga simu: amenunua sufu ya kijivu,
na jiko linawaka vizuri.
Tarehe hakuuliza.